Kuuza Mbao Nje Si kwa Wakubwa Peke Yao: Mhadhara kwa Wachanaji wa Mafinga

Wazee wangu, mama zangu, ndugu wachanaji, asanteni kwa kuzima mashine asubuhi hii.

Hapa Mufindi nasikia neno lile lile: soko la nje ni la wenye mitaji. Sikatai, ukubwa unasaidia. Kampuni ya misaji, yaani mitiki, ya Bonde la Kilombero, iliyoanza kupanda miaka ya 1990, ina miti yake, kwa hiyo inaweza kumwahidi mnunuzi mzigo wa mwakani. Wewe unayesubiri kugawiwa kitalu cha kuvuna kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill utaahidi nini?

Lakini tazameni Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Hawakuwa na kiwanda. Waliingia kwenye cheti cha pamoja kupitia shirika moja, wakawa na mipaka, hesabu ya miti, na karatasi za kuonyesha gogo la mpingo limetoka wapi. Mtengeneza klarineti, ile ala ya kupuliza ya mpingo, kule Ulaya anataka hilo.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapo ndipo wengi wetu tunaanguka. Paini mbichi huweza kubeba maji yenye uzito kuliko mti wenyewe ukikauka. Mtu wa samani anataka unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Ubao ulioanikwa uwanjani, mvua za Aprili zikiupiga, haufiki huko hata kidogo. Ufungie ndani ya kontena, utashuka bandarini una madoa ya ukungu na umepinda. Kampuni inayodumu ina tanuri la kukaushia mbao, la kwake au la kukodi. Ina pia mtu wa kupima kabla ya kupakia, mwenye ruhusa ya kuzuia mzigo hata bosi akifoka. Kwangu mimi, mtu huyo ana thamani kuliko tanuri.

Na unene. Dingdong, mashine yetu ya kuchania, ikiyumba na ubao ukatoka mnene huku mwembamba kule, fundi wa Dar atapiga randa, yaishe. Kiwanda cha nje kitakukata bei.

Kenya iliposimamisha uvunaji kwenye misitu ya umma mwaka 2018, wateja wa huko waliongezeka. Biashara nzuri, siidharau. Ila mteja akija na lori lake, msafirishaji nje ni yeye. Wewe hata cheti cha afya ya mimea hujui kinaombwaje.

Kabla ya kukopa dingdong ya pili, nunueni kipima unyevu. Nimekuja nacho kimoja. Mwenye ubao hapo nje aulete tuupime.