Mitishamba natumia, vidonge siachi

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Meseji zenu nimezisoma, na nyingi zinauliza lile lile: dada, kwa huo ugonjwa wako wa utumbo, vidonge vya nini wakati mitishamba ipo? Mitishamba natumia! Ila natumia pamoja na vidonge, siyo badala yake.

Tuelewane kwanza. Vidonda vyangu vya utumbo si vile vidonda vya tumbo mnavyovijua. Hapa kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia utumbo. Mimi nina kolaitisi ya vidonda, inashika utumbo mpana. Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa.

Sasa manjano, maana ndiyo mnayonitumia kila siku. Mwaka 2015 ulitoka utafiti wa wagonjwa wa kolaitisi isiyo kali sana, ambao walikuwa tayari wanatumia mesalamini, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe wa utumbo. Wengine wakaongezewa gramu 3 za kurkumini, ile kemikali iliyomo kwenye manjano, kwa siku, wengine vidonge bandia. Baada ya mwezi, zaidi ya nusu ya waliopata kurkumini walikuwa wametulia. Wa vidonge bandia, hata mmoja hakutulia. Raha kusikia, eh? Lakini walikuwa watu 50 tu, na wote waliendelea na mesalamini. Hilo ndilo wauzaji wa mtandaoni wasilolisema!

Halafu hili la "ni asili, haina madhara"... Kuna unga wa Kichina, Qing Dai, unaotokana na mimea ya nili. Kolaitisi unaituliza kweli, lakini mwaka 2016 wizara ya afya ya Japani ilitoa onyo, kwa sababu baadhi ya watumiaji walipata shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu. Na ule mmea wa St John's wort hupunguza nguvu ya siklosporini, dawa ya kushusha kinga, mwilini.

Yoga siiachi, inanishushia wasiwasi. Kukausha vidonda ni kazi nyingine.

Na kujisikia vizuri kunadanganya, utumbo unaweza kuwaka kimyakimya. Ndiyo maana daktari anapima kalprotektini, protini inayoonyesha utumbo unawaka, kwenye kinyesi. Ukitaka kuongeza kitu, mwambie kwanza, pima, kisha pima tena baada ya wiki kadhaa. Ukiona damu inazidi au homa inapanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wenye Crohn, video ijayo ni ya mafuta ya samaki. Matokeo yake, mh, hayakufurahisha. Maswali yawekeni hapo chini.