Mama na zile henga za Warsaw

Mwangaluka, watu wangu wa Mwanza! Wakubwa, shikamooni. Niko jikoni kwangu Warsaw, nakaanga sato wa kwenye friji ambaye pale soko la samaki la Mwaloni hata paka angemkataa.

Mmoja wenu kaniuliza kama nimewahi kuandamana huku. Sijawahi. Maandamano niliyoyafuata mwanzo mwisho niliyaangalia nikiwa Kirumba, kwenye mkeka wa mama.

Ilikuwa Oktoba 3, 2016, nimekuja likizo. Bungeni Poland kulikuwa na muswada wa kupiga marufuku utoaji mimba, ubaki mwanya mmoja tu wa kuokoa maisha ya mama. Na sheria yao ya 1993 ilikuwa imeshabana! Wanawake wakagoma kazi, wakavaa nyeusi, wakajaa barabarani na miamvuli, mvua inawanyeshea. Dada tuliyepanga naye chumba akawa anarusha mubashara, huku bando langu linayeyuka.

Mama alikuwa pembeni na ungo wa dagaa, anatoa mchanga. Akachungulia simu.

"Nani kafa?"

Nyeusi zote zile, ungemlaumu? Nikacheka, nikamweleza kidogo, juujuu. Akachungulia tena.

"Na hizo henga? Wanauza mitumba?"

Kweli, baadhi yao walikuwa wameinua henga za waya. Hapo ndipo nilipomeza mate. Jamani, kumtamkia mama mzazi neno "kutoa mimba" si mchezo, hata uwe umevuka bahari ngapi. Nikamwambia waya ule wanawake walikuwa wanautumia kufanya nini, palipokuwa hakuna daktari wa kuwapokea.

Hakushtuka. Akaokota kijiwe kwenye dagaa, akakitupa, akasema kama anayetaja bei ya kisado:

"Huku ni kijiti cha muhogo."

Sheria ya Poland haimfungi mwanamke mwenyewe, anayemsaidia ndiye anayekula hadi miaka 3. Kwetu Kanuni ya Adhabu inamfuata mwenyewe hadi miaka 7, na aliyemtoa mimba hadi 14. Sasa nani atainua kijiti cha muhogo pale Barabara ya Kenyatta?

Muswada ule uliangushwa Oktoba 6. Mahakama yao ya Katiba ikaja kubana upya 2020, hiyo nitaitengenezea video yake.

Mnanijua, kuuliza ndiyo kazi yangu. Siku ile nilikuwa na swali moja tu, la neno moja: nani? Sikuliuliza. Mama alipepeta ungo, akaniambia nipunguze sauti, baba anafungua geti.