Shimo Lisilojaa

Assalaamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu na vijana, nakushukuruni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka bondeni moja kwa moja na matope bado miguuni.

Nianze na shimo la choo la marehemu baba. Alilichimba kwenye mawe nyuma ya jiko, na mpaka anafariki lilikuwa halijajaa. Akijisifu kwa hilo. Mimi nilipokwenda kusomea maji ndipo nikajiuliza: uchafu wa nyumba ya watu tisa ulikwenda wapi miaka yote ile?

Ulishuka kwenye nyufa. Jiwe letu la matumbawe lina matundu na mapango, na maji hupita humo kama bombani. Mchanga huchuja, jiwe hili halichuji. Wataalamu husema mita 30 baina ya choo na kisima, na penye udongo mzuri zinasaidia. Kwenye mawe hazifai kitu. Tuutazame mto wetu wa Mwera wenyewe: haufiki baharini juu ya ardhi, unazama mawe ukapotea. Tunachoutilia huku juu kinazama nao, na karibu maji yote tunayokunywa Unguja yanatoka huko huko chini. Kipindupindu kilishaingia Zanzibar tangu karne ya 19, na tokea 1978 kimeturudia mara kwa mara.

Kwa hivyo maji machafu tuyasafishe kabla hatujayakabidhi ardhi. Nyumba kumi zinaweza kushirikiana karo moja, yaani tangi la chini la maji machafu, la vyumba viwili na lenye sakafu ya zege. Nalisisitiza hili la sakafu, kwa sababu mafundi wetu huliacha karo wazi chini, makusudi, ili "linywe". Karo linalokunywa ni lile lile shimo la baba.

Ndani yake maji yakae siku mbili hivi: tope lizame, mafuta yaelee. Yanayotoka yanaonekana mepesi, lakini yamejaa vijidudu. Hayo yapelekwe kwenye kitalu cha kokoto chenye kina cha sentimita 60, kimezibwa chini, kimepandwa matete. Matete tunayo, hatununui. Viumbe vidogo mno hujishika kwenye kokoto na mizizi, vikala uchafu maji yakipita polepole. Maji yabaki chini ya uso wa kokoto, mbu asipate pa kutaga. Kwa joto letu, kila mtu ahesabiwe mita mraba 1 hadi 2.

Mama mmoja ameniuliza kama maji hayo yanafaa kutilia udhu. Hapana, mama yangu. Yape migomba. Mchicha usiyape.

Tope nalo lazima litolewe kila baada ya miaka michache, na hapa ndipo miradi mingi inapofia: karo linajengwa, picha zinapigwa, halafu hakuna aliyeweka fedha za kulinyonya. Tukubaliane mchango wa kila nyumba kabla ya tofali la kwanza.

Mtume (S.A.W.) ametukataza kujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Hapa kwetu chanzo kiko chini ya nyayo zetu, mpaka chini ya jiko.

Jumapili baada ya alasiri nitapita nyumba kwa nyumba pamoja na sheha. Sitauliza nani shimo lake limefurika. Nitauliza la nani halijawahi kujaa.