Fundisha Kwanza, Ndipo Ukosoe

Ndugu zangu, karibuni, na asanteni kwa kufika. Tangu pale mlangoni wengi wenu mmeniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: mbwa wangu hasikii, je, nimchape au nimbembeleze? Nitalijibu. Ila lipo swali linalolitangulia, nanyi mtaniwia radhi nikianza nalo. Hilo jambo ambalo mbwa wako halitii, ulimfundisha lini?

Chukueni mbwa anayerukia wageni. Mwenyewe atakwambia amemkanya mara chungu nzima. Amemsukuma, amemfokea, amemkita goti kifuani. Sasa muulize: mgeni akiingia, ulitaka mbwa afanye nini? Hapo maneno yanakwisha. Kitu pekee alichowahi kuambiwa yule mbwa ni "acha", na "acha" haimwambii aweke wapi miguu yake. Isitoshe, kusukumwa kwa mikono kwake ni mchezo, na kufokewa ni kutazamwa na kusemeshwa, mambo aliyoyatafuta kwako mchana kutwa. Unadhani unamwadhibu, kumbe unamlipa.

Hebu mgeni huyo aingie tena, safari hii tukiwa tumejiandaa. Siku za nyuma ulikaa na mbwa wako mahali tulivu. Ulishika kipande kidogo cha nyama mbele ya pua yake, ukakipandisha taratibu kuelekea kisogoni. Kichwa kikainuka, makalio yakashuka yenyewe. Yalipogusa chini tu, ukasema "vyema" na kumpa. Zingatieni hapo "yalipogusa chini tu". Nazungumzia nafasi ya sekunde moja. Ukipekua mfuko kutafuta nyama, mbwa akasimama, kisha ukampa, umemlipa kwa kusimama. Baadaye mkono ulikuwa mtupu, ukafanya ishara ile ile, na nyama ikatoka mfukoni baada ya tendo. Kisha mkahamia karibu na mlango. Kisha mtu wa nyumbani akabisha hodi. Leo ndiyo zamu ya mgeni.

Mbwa ana kamba, umeishika ikiwa imelegea, lakini haimfikishi kwa mgeni. Mgeni anasimama hatua chache mbali. Makalio yakiwa chini, mgeni anasogea. Miguu ya mbele ikinyanyuka, mgeni anageuka na kurudi alikotoka, hasemi neno. Mbwa anashangaa, anaketi, na mgeni anarudi. Mbwa mwenye akili timamu huuona mpango huu haraka. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeumia, na bado ruhusa na katazo vyote vilikuwepo, kila kimoja kwa wakati wake. Haya ndiyo ninayoyaita mafunzo ya mizani.

Najua wapo wakufunzi wanaotumia jina hilo kwa maana pana zaidi, wakaingiza humo mnyororo wa kukaba, kola yenye meno na kola ya umeme. Nitafika huko. Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu mabishano haya ni ya kale.

Mwaka 1910 ofisa wa polisi wa Ujerumani, Konrad Most, alichapisha mwongozo wa kufunza mbwa ambao shurti ilichukua nafasi kubwa ndani yake. Kwa miongo mingi mbwa wa jeshi na polisi walifunzwa kwa mkondo huo, na watu wakaurithi majumbani. Wakati huo huo maabara zilikuwa zinasema jambo jingine. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kuwa mbwa huunganisha ishara na kile kinachofuata, hata mate yakamtoka kabla hajaona chakula. Edward Thorndike wa Marekani akaonyesha kuwa tendo lenye matokeo mazuri hurudiwa na lenye matokeo mabaya hupungua. B. F. Skinner akaipanga hoja hiyo katika njia nne: unaongeza kitu kizuri, unaondoa kitu kizuri, unaongeza kibaya, unaondoa kibaya. Mgeni wetu alitumia mbili za mwanzo tu. Aliposogea aliongeza kizuri, alipogeuka alikiondoa.

Naomba mtofautishe vitu viwili hapo. Pavlov anatueleza mbwa anavyohisi, Skinner anatueleza mbwa anavyotenda, na yote mawili hutokea kwa pamoja, upende usipende. Kwa sababu hiyo naikataa kola ya umeme. Fikiria mbwa anayebweka akiona mbwa mwenzake njiani. Umebonyeza kitufe, umeme umempata shingoni, amenyamaza. Kwa upande wa tendo umefanikiwa. Lakini wakati maumivu yanamfika, macho yake yalikuwa wapi? Kwa yule mbwa mwingine. Alichojifunza ni kwamba mbwa wengine huleta maumivu, na hofu iliyomfanya abweke umeizidisha. Kuna siku hatabweka. Atang'ata bila kutoa onyo, na wewe utasema amebadilika ghafla.

Wales ilipiga marufuku kola hizo mwaka 2010, na zipo nchi nyingine za Ulaya zilizofanya hivyo. Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walichapisha kazi waliyoifanya kwa mbwa 92 wa majumbani, kutoka shule zinazotumia zawadi, zinazotumia maumivu na zinazochanganya. Mbwa wa shule za maumivu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo. Kilichonigusa zaidi ni jaribio lao la bakuli. Mbwa walizoeshwa kwamba bakuli likiwa upande huu lina chakula, likiwa upande ule ni tupu. Kisha likawekwa katikati. Mbwa waliofunzwa kwa maumivu walilifuata polepole zaidi, kama wasiotarajia kukuta kitu. Yaani madhara hayakuishia kwenye uwanja wa mazoezi, waliondoka nayo.

Mtu ataniuliza kuhusu "kumwonyesha mbwa nani mkubwa". Fikra hiyo ilitokana na mbwamwitu waliochunguzwa wakiwa wamefungiwa, hasa katika maandishi ya mtafiti Rudolph Schenkel ya mwaka 1947. Walikuwa wanyama waliokusanywa mahali pamoja, bila pa kukimbilia, wakipigania nafasi. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliieneza fikra hiyo, ndiye baadaye aliyeisahihisha. Mwaka 1999 aliandika kwamba porini kundi la mbwamwitu kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wakubwa huongoza kwa kuwa ni wazazi. Kwa hiyo kumbwaga mbwa chali na kumkandamiza hakuna ukoo wowote na uongozi wa mbwamwitu. Kuna hatari tupu, hasa kwa uso wako ulio karibu na meno yake.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana nao una lawama zake. Wapo wanaosema wanafunza kwa upendo, lakini nyumbani mwao hakuna mpaka wowote. Mbwa anaitwa, haji, anatikisiwa pakiti ya biskuti, anakuja. Tayari amejifunza kusubiri mtikiso. Huyo amehongwa, na hongo hutangulia tendo, zawadi hulifuata. Au mbwa anavuta kamba na kila akivuta mwenyewe anamfuata. Kila hatua ya kuvuta imelipwa kwa kumfikisha anakotaka. Dawa yake ni kusimama. Kamba ikikaza, simama. Ikilegea, twende. Mwanzoni hamtafika mbali, na mbwa atavuta kwa nguvu zaidi kuliko jana kabla hajaacha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumfuata, na mbwa akajifunza kwamba akizidisha nguvu anapata. Vumilia mvutano huo wa mwisho. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloharibu kazi za watu wenye nia njema.

Na kumkosoa? Ndiyo, nakosoa. Nina neno "hapana" ambalo mbwa amefundishwa maana yake kama alivyofundishwa "kaa": hiki hukipati, rudi kwangu kuna kingine. Ninamzuia kwa kamba. Nasitisha mchezo akining'ata vidole. Namtoa chumbani kwa dakika moja au mbili. Lakini simkosoi kwa jambo ambalo hajawahi kulifanya sawasawa mbele yangu, tena mahali penye vishawishi kama hivyo. Anayekaa vizuri sebuleni hajajifunza bado kukaa barabarani. Na simkosoi kwa jambo lililopita. Ukirudi nyumbani ukakuta kiatu kimetafunwa, ule uso wa kujikunyata mnaouita aibu ni jibu la hasira anayoiona kwako sasa hivi. Kiatu alishakisahau. Okota kiatu, ukiweke juu.

Jambo moja msilikosoe kamwe: mngurumo. Mbwa hasogei moja kwa moja hadi kung'ata. Hupiga miayo bila usingizi, hulamba pua, hugeuza kichwa, weupe wa jicho huonekana pembeni, mwili hukakamaa. Ndipo hunguruma. Mtoto amemkumbatia shingoni, watu wazima wanapiga picha wakicheka, na ishara zote hizo zimekwisha kupita pasipo wa kuziona. Ukimpiga kwa kunguruma, umemwondolea neno lake la mwisho. Mwondoe mtoto, mpe mbwa nafasi, kisha kesho tafuta chanzo. Mara nyingine chanzo ni sikio linalouma au nyonga iliyochakaa, na mtu wa kwanza wa kumwona ni daktari wa mifugo, mkufunzi baadaye.

Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema, na kwa mbwa ubichi huo una tarehe. Kazi ya miaka mingi ya watafiti John Paul Scott na John Fuller, iliyochapishwa mwaka 1965, ilionyesha kipindi kinachoanza karibu wiki ya 3 na kuelekea kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14, ambapo mtoto wa mbwa hukubali mambo mapya kwa urahisi ambao hataupata tena. Abaki na mama na nduguze hadi wiki ya 8 hivi. Baada ya hapo asikie radi, aone mtu mwenye mwavuli, akanyage vigae, aguswe masikio na kucha, yote kwa upole na kwa kipimo. Chanjo zake zikiwa bado hazijakamilika, mbebe mikononi badala ya kumshusha mahali wanapopita mbwa usiowajua.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna uamuzi wa kumchukua. Mbwa huishi miaka 10 hadi 13 au zaidi, kutegemea aina. Yule aliyezalishwa vizazi kwa vizazi ili achunge kondoo hatatulia kwa kuzungushwa uani dakika kumi. Asiyepewa kazi hujitafutia, na kazi atakayoipata ni kochi lako. Mbwa anayefungwa mnyororo siku nzima naye hawi mlinzi bora. Anakuwa mwoga mwenye kelele. Ukiona ratiba yako haina saa ya mbwa kila siku, usimchukue, na uamuzi huo ni wa kiungwana kabisa. Kama humzalishi kwa mpango, zungumza na daktari kuhusu kumhasi au kumfunga kizazi. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, na watoto wasio na wenyewe huishia majalalani na barabarani, wakilipia uzembe ambao haukuwa wao.

Dada pale nyuma ameinua mkono, ameuliza kuhusu chanjo: mbwa wake hatoki getini, kuna haja gani?

Ipo, dada yangu, na kubwa. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote hukipata kwa mbwa. Karibu asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona. Geti huachwa wazi, paka huruka ukuta, popo huingia. Tena chanjo ya mbwa wako inawakinga majirani: Shirika la Afya Duniani linasema mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70 katika eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Na kaka aliye mbele anauliza, mtu akishang'atwa, hata ikiwa ni mkwaruzo mdogo na mbwa ni wa jirani tunayemfahamu?

Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili, ukizihesabu kwa saa. Usipake mafuta wala majani, na usilifunge kwa kukaza. Muulize jirani cheti cha chanjo, lakini usimngojee akitafute. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, daktari ndiye aamue kuhusu sindano, na mkipewa tarehe za kurudi, rudini zote hata kidonda kikiwa kimekwisha kupona. Mbwa msimuue. Afungwe mahali salama na aangaliwe kwa siku 10, kwa sababu akiwa mzima siku ya kumi, daktari atakuwa amepata taarifa ambayo mbwa aliyeuawa na kufukiwa hawezi kuitoa.