Mji Ulioitwa Unga: Historia ya Farina, Australia Kusini

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, habari za jioni.

Nilipoombwa nizungumze juu ya historia ya kilimo nje ya bara letu, nadhani wengi mlitegemea nitakuja na mashamba makubwa ya Marekani au ya Brazili. Nimekuja na mji mmoja mdogo ambao leo ni magofu. Uko katika jimbo la Australia Kusini, mbali kaskazini mwa mji mkuu wake Adelaide, kiasi cha kilometa 650. Picha hii mnayoiona ukutani ndiyo barabara yake kuu: kuta za mawe zisizo na paa, ardhi nyekundu, na upeo wa macho usiokatwa na kitu. Unaitwa Farina.

Farina ni neno la Kilatini. Maana yake ni unga.

Waliouita hivyo mwaka 1878 walikuwa na hakika kwamba hapa patakuwa ghala la ngano la koloni zima. Ngano haikustawi. Nataka jioni hii tukae na swali moja tu: je, kulikuwa na namna ya kujua mapema? Jibu langu ni kwamba ilikuwapo, ilikuwa imeandikwa, na miaka sita kabla ya Farina kuzaliwa ilikuwa hata sheria ya nchi. Ndiyo sababu kisa hiki kinaniuma.

Kabla ya jina Farina, walowezi walipaita Government Gums, yaani mikalitusi ya serikali, kwa sababu ya miti mikubwa iliyosimama kando ya mkondo wa maji. Msidanganywe na miti ile. Mikalitusi ya mitoni hufuata maji yaliyo chini ya mchanga, kwa hiyo hustawi kwenye mkondo ambao kwa juu ni mkavu karibu mwaka mzima. Mtu akiutazama mti huo anaona ushahidi wa mto uliofukiwa, wala si wa mvua. Na kabla ya walowezi, nchi hii ya safu za milima ya Flinders ilikuwa na wenyewe. Mmojawapo wa watu wake ni Adnyamathanha, jina lenye maana ya watu wa miamba. Wao walijua kila chemchemi na kila shimo la maji, wakahama kwa kufuata maji badala ya kuyasubiri. Hakuna aliyewauliza kabla ya kugawa viwanja. Mahakama ya Australia ilikuja kuitambua haki yao ya asili juu ya sehemu ya ardhi hiyo mwaka 2009.

Sasa nije kwa mtu ambaye bila yeye kisa hiki hakieleweki. Anaitwa George Woodroffe Goyder. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1826, na mwaka 1861 akawa mpimaji mkuu wa ardhi wa koloni la Australia Kusini. Katikati ya miaka ile ya 1860 kulitokea ukame mbaya sana kaskazini. Kondoo walikufa kwa maelfu, na wafugaji waliokodi ardhi ya serikali wakaomba wapunguziwe kodi. Serikali ikataka kujua: nani kweli kaumia, na ukame umefika wapi? Goyder akatumwa mwishoni mwa mwaka 1865, akapanda farasi akaenda kuangalia.

Hapa naomba tuende polepole, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Goyder angepimaje mvua? Koloni lilikuwa na umri wa miaka 29 tu. Kumbukumbu za mvua kwa sehemu za kaskazini zilikuwa chache mno. Basi akasoma mimea. Kusini aliona vichaka vya mikalitusi mifupi, ile inayoota mashina mengi kutoka kwenye kisiki kimoja, ambayo watu wa kule huiita mallee. Kila alipozidi kwenda kaskazini, mikalitusi hiyo ilipungua, na nafasi yake ikachukuliwa na kichaka kifupi cha majani ya kijivu yenye ladha ya chumvi, ambacho kondoo hukila na ambacho hakishtuki na ukame. Mahali mmea mmoja ulipokoma na mwingine kuanza, hapo akatia alama.

Fikirini maana yake. Kichaka hakioti kwa mvua ya mwaka mmoja. Mimea ile ilikuwa imepita kwenye neema na dhiki nyingi, vizazi kwa vizazi, na ile iliyobaki hai mahali fulani ilikuwa ndiyo inayoweza kuvumilia mwaka mbaya kabisa wa mahali hapo. Walowezi walikuwa na kumbukumbu ya miaka 29. Majani yalikuwa na kumbukumbu ya mamia ya miaka. Goyder aliziunganisha alama zake akapata mstari kwenye ramani. Unaanza pwani ya magharibi karibu na Ceduna, unapanda na kushuka, unapita karibu na Orroroo, unateremka hadi mpaka wa jimbo jirani la Victoria karibu na Pinnaroo. Ulipokuja kulinganishwa na vipimo vya mvua, ukakutwa unakaribiana na mahali panapopata milimita 250 hivi kwa mwaka. Kwa kulinganisha tu, Dodoma, ambayo sisi wenyewe tunaiita nchi kame, hupata zaidi ya milimita 500.

Kusini ya mstari, panda ngano. Kaskazini yake, waachie wafugaji. Ndivyo mstari ulivyokuja kueleweka, na mwaka 1872 sheria ikaufanya kuwa kikomo cha kuuza mashamba kwa mkopo.

Halafu mvua zikanyesha.

Miaka ya mwanzo ya 1870 ilikuwa ya baraka. Nyasi ziliota hata mahali ambapo wazee hawakuwahi kuziona. Mavuno ya kusini yalikuwa mazuri, meli zilikuwa zinabeba ngano kwenda Uingereza, na vijana wa wakulima walikuwa wanatafuta ardhi yao wenyewe. Wakatazama kaskazini wakaona kijani. Wakatazama ramani wakaona mstari unaowazuia. Wakaanza kumshambulia aliyeuchora: ati mtumishi mmoja wa serikali anawezaje kumwambia Mungu mvua iishie wapi? Zama zile kulikuwa na imani, Australia na Marekani pia, kwamba mvua hufuata jembe. Lima kwanza, fungua udongo, panda miti, na mawingu yatakuja yenyewe. Mwaka 1874 bunge likauondoa mstari kwenye sheria. Koloni lote likawa wazi kwa jembe.

Sitaki kuwacheka wale watu. Mkulima mwenye watoto sita, asiye na ardhi, akiambiwa kuna ardhi kwa mkopo, na kwa macho yake anaiona ina majani, atafanya nini? Lawama yangu iko kwa waliokuwa na ile ramani mezani.

Miji ikachipuka kama uyoga kaskazini ya mstari: Hammond, Bruce, Gordon, Wilson, Cradock. Mingine leo hata jina lake halijulikani nje ya wilaya. Farina ilikuwa ya mbali kuliko hiyo yote, zaidi ya kilometa 200 kaskazini ya mstari wa Goyder, mahali ambapo mvua ya mwaka haifiki milimita 200. Wapimaji wakachora viwanja 432, kila kimoja robo eka. Barabara zikanyooshwa kwa kamba jangwani. Hivyo ndivyo Government Gums ilivyogeuka kuwa Unga.

Ukame ulirudi mwaka 1880, ukarudi tena na tena katika muongo ule. Mbegu hazikuota, au ziliota zikaungua, na udongo uliokwisha kufunguliwa na jembe ukapeperushwa na upepo. Wakulima wa kaskazini wakajikuta na deni la ardhi isiyoweza kulilipa. Wakaandika maombi ya kupunguziwa, na wengi wakaacha mashamba. Mwisho wa karne ukaja ukame mrefu uliokumba karibu bara zima, kuanzia mwaka 1895 hadi 1903, na hapo mjadala wa jembe na mvua ukafungwa.

Lakini Farina haikufa siku ile ngano ilipokufa. Huu ni upande wa kisa ambao husimuliwa kwa haraka mno. Mwaka 1882 reli kutoka bandari ya Port Augusta ilifika pale. Ilikuwa reli nyembamba, upana wa milimita 1,067, sawasawa na ule wa TAZARA yetu. Kwa miaka miwili Farina ikawa mwisho wa reli, na ninyi mnaojua historia ya miji yetu ya stesheni mnajua mwisho wa reli una maana gani: mizigo inashuka, mizigo inapanda, watu wanalala, watu wanakunywa, fedha inazunguka. Mwaka 1884 reli ikasogea hadi Marree, mji ulio mbele zaidi, lakini mji wa Farina ulikuwa umeshika. Ulifikia watu 600 hivi. Ulikuwa na hoteli mbili, Transcontinental na Exchange, benki, shule, kanisa, viwanda viwili vya bia, wahunzi watano. Na duka la mikate, ambalo chumba chake cha tanuri kilichimbwa chini ya ardhi.

Aliyeulisha mji huu, basi, alikuwa kondoo wa mashamba ya mifugo, pamoja na migodi midogo ya shaba na fedha iliyouzunguka, na ngamia.

Ngamia walifika kwa wingi katika koloni lile mwaka 1866, zaidi ya 100, wakateremshwa Port Augusta pamoja na wanaume 31 wa kuwahudumia. Waaustralia waliwaita wote Waafghani, lakini wengi walitoka Balochistani, Sindh, Punjab na kwingineko katika nchi ambazo leo ni Pakistani na India. Wao ndio waliobeba marobota ya sufu kutoka mashamba ya ndani hadi kwenye reli, na kurudi na unga, chai, sukari, misumari, mabati, hata samani. Bila wao maisha ya mlowezi katika nchi ile yangekuwa magumu mno. Hata hivyo, katika miji hii waliwekwa pembeni, mtaa wao mbali na wa wazungu, na walipokufa wakazikwa pembeni pia. Makaburi ya Farina yana sehemu yao, na makaburi yao yameelekezwa kibla. Naiona picha ya sehemu hiyo kuwa na uzito kuliko picha zote nilizowaletea leo. Mtu aliyezaliwa karibu na Kandahar au Karachi, amelala ubavu katika mchanga wa Australia, uso wake Makka, katika mji ambao jina lake ni Unga na hauna shamba.

Kufifia kwake hakuna cha kusimulia sana. Magari yalichukua kazi ya ngamia, migodi ikafungwa, reli mpya yenye upana mkubwa zaidi ilijengwa miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 posta ikafungwa. Treni za njia hii zilikoma miaka ya 1980. Jirani ya magofu palibaki familia za shamba la mifugo.

Sasa turudi kwenye lile tanuri la duka la mikate. Tangu mwaka 2009 kundi la watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, hufika Farina kila majira ya baridi na misafara yao ya nyumba za kukokotwa, wakakaa majuma kadhaa wakiziba nyufa za kuta kabla hazijaanguka. Wamelifufua lile tanuri la chini ya ardhi. Wanawasha kuni, wanaoka mikate na sambusa zao za nyama za kizungu, wasafiri wanaokwenda jangwani wanasimama kununua, na fedha inarudi kwenye chokaa na mawe. Unga wa mikate hiyo unakuja na magari kutoka kusini, kutoka ng'ambo ile ya mstari.

Na mstari wenyewe? Umesimama. Zaidi ya miaka 150 baadaye, wenye mashamba ya ngano wa Australia Kusini bado wanautumia kama rejea, na kando ya barabara kuna alama za kumbukumbu zinazoonyesha unapopita. Wanachojadili watafiti wa hali ya hewa sasa ni iwapo joto la dunia linausukuma kuelekea kusini, ili mashamba yaliyokuwa upande wa salama yajikute upande wa pili. Nchi ile ina mashine, mbegu za kisasa na takwimu za satelaiti, na bado mazungumzo yanaanzia kwa mtu aliyekuwa juu ya farasi akiangalia majani.

Nimemaliza. Nipokee maswali.

[Mwanafunzi mmoja aliuliza waliokuwa wakiishi Farina walikwenda wapi, na kwa nini nyumba zote pichani hazina paa.]

Ahsante, binti yangu. Watu wa mashamba yale ya kaskazini walitawanyika. Wengine walirudi kusini kufanya kazi kwenye mashamba ya wenzao. Wengine walivuka kwenda Broken Hill, ambako fedha iligunduliwa mwaka 1883 na migodi ilihitaji mikono. Miaka ya 1890 dhahabu ikaonekana Coolgardie na Kalgoorlie, magharibi kabisa, nako pia wakaenda. Kuhusu paa: katika nchi isiyo na miti ya mbao, bati na boriti vilikuwa mali, na mawe hayakuwa na thamani kwa sababu yako kila mahali. Ilikuwa kawaida katika miji ile mtu akihama kung'oa mabati, madirisha na milango akavipakia, ili akajenge huko aendako.