Ngiri wa Ruaha na Nguruwe wa Bandani

Shikamooni wazee wangu. Vijana wa Uyole, habari za asubuhi.

Nianzie bandani. Homa ya nguruwe ya Afrika ikiingia kwako, ndani ya wiki mbili unaweza kufukia banda zima. Dawa hakuna, na chanjo hapa kwetu hatuna. Mama aliyekuwa akilipa ada kwa nguruwe 6 anabaki na majembe na shimo. Lakini kule Ruaha, ngiri anabeba virusi hivyohivyo, kupe wa shimoni wanamng'ata, na wala haugui.

Watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, waligundua kuwa jeni moja, RELA, inatofautiana kidogo kati ya ngiri na nguruwe wa kufugwa. Wakaihariri ya nguruwe ifanane na ya ngiri. Hapa, wazee wangu, hakupandikizwi jeni la samaki ndani ya nguruwe kama wengi wanavyohofia. Zinabadilishwa herufi chache katika maandishi ambayo mnyama anayo tayari. Mkasi wa kuhariri jeni unaojulikana zaidi siku hizi unaitwa krispa (CRISPR), ingawa nguruwe hawa wa Roslin walihaririwa kwa mkasi mwingine; krispa ulielezwa mwaka 2012, ukawapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier tuzo ya Nobel mwaka 2020.

Nguruwe wale walipoambukizwa, homa ilichelewa kujitokeza. Kisha waliugua.

Nayasema haya kwa sababu mtaletewa habari za Marekani, na ni za kweli: Aprili 2025 waliruhusu nguruwe aliyehaririwa asipate PRRS, ugonjwa unaotoa mimba na kuziba mapafu. Virusi vya PRRS vina mlango mmoja kwenye seli, CD163. Ukiondoa kipande cha mlango huo, haviingii. Homa yetu haina mlango mwepesi hivyo. Nguruwe wasio na CD163 walijaribiwa nayo, wakaugua vilevile. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia mbegu ya "nguruwe asiyekufa", mkatalie.

Kinachoniuma ni kwamba ngiri mwenye jibu yuko jirani yetu, na anayemchunguza yuko Scotland. Vijana mnaosoma mifugo, nawaomba mlichukue swali hili kama la nyumbani.

Kwa sasa, makombo ya hotelini chemsha dakika 30. Viatu vya bandani vibaki bandani. Nguruwe akifa ghafla usimchune wala usigawe nyama. Mwite afisa mifugo.

Mama pale nyuma, uliinua mkono. Karibu.