Bwawa la Udongo Huliwa kwa Ndani

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, kisha akaninong'oneza kwamba pilau liko tayari, kwa hiyo sitazunguka sana. (Kicheko.)

Nimeombwa nizungumzie mabwawa ya udongo, yale tunayojenga mtoni kuzuia mafuriko wakati wa masika na kumwagilia wakati wa kiangazi. Humu ndani nawaona wahandisi vijana, viongozi wa skimu, na mafundi wanaokaa na funguo za mageti. Ninyi wa mageti ndio hasa niliowafuata leo. Ningeweza kuanzia hapa hapa kwetu, bwawa la Nyumba ya Mungu, lakini nitawapeleka kwanza Idaho, Marekani. Bwawa la Teton lilikufa mchana kweupe, watu wakilitazama na kulipiga picha, na baadaye likachimbwa na kuchunguzwa tabaka kwa tabaka. Ni nadra bwawa kutuachia ushahidi wa namna hiyo.

Bonde lile ni la wakulima wa viazi. Mwaka 1961 walipigwa na ukame, mwaka uliofuata wakapigwa na mafuriko. Kilio chao mnakijua: maji yakija yanakuja yote, yakiondoka yanaondoka yote. Bunge la Marekani liliidhinisha mradi mwaka 1964, na ujenzi ukaanza mwaka 1972 chini ya Bureau of Reclamation, shirika lile lile la serikali lililojenga bwawa kubwa la Hoover. Hawa hawakuwa wababaishaji. Naomba mlishike hilo, maana bwawa likivunjika huwa tunakimbilia kusema mkandarasi alikula saruji. Pale mkandarasi alijenga alichochorewa.

Tuta lilikuwa na kimo cha mita 93 hivi. Moyo wake, ile sehemu ya katikati inayozuia maji, ulijengwa kwa udongo laini uliotokana na vumbi lililopeperushwa na upepo zama za kale. Ndio uliokuwa unapatikana karibu. Udongo huo ukishindiliwa vizuri unakuwa mgumu na maji hayapenyi kirahisi. Tatizo lake ni kwamba ukipata ufa, haujifungi kama udongo wa mfinyanzi unavyovimba na kujifunga. Maji yakiupitia, unachukuliwa chembe kwa chembe. Na pembeni mwa tuta, kuta za korongo zilikuwa miamba ya volkano yenye nyufa tele. Walipochimba upande wa kulia walikuta nyufa pana kiasi cha mtu kuingia.

Walizijua nyufa hizo. Walifanya nini? Walichimba mitaro mirefu ndani ya mwamba, wakaijaza udongo ule ule, na chini ya mitaro wakasukumia rojo la saruji ili kuziba. Mpango wote uliegemea kwenye kuziba. Hapo ndipo mimi ninapotofautiana nao, na ndicho nilichokuja kukisema: bwawa la udongo lazima livujishe. Hakuna lisilovujisha. Kazi ya mhandisi ni kuyaandalia njia maji yanayopenya, yatoke yakiwa safi bila kubeba udongo. Teton hawakuandaa njia hiyo pale ambapo udongo uligusana na mwamba wenye nyufa.

Njia yenyewe si ya ajabu. Ni tabaka la mchanga uliochaguliwa, kisha changarawe, nyuma ya moyo wa bwawa. Inafanya kazi ya kifumbu: tui linapita, machicha yanabaki. Chembe za mchanga zikiwa na ukubwa unaofaa, udongo wa moyo haupiti hata ufa ukitokea. Mchanga huo ni ghali kuusomba, najua, na ndio wa kwanza kufyekwa bajeti ikibanwa.

Kujaza bwawa kulianza Oktoba 1975. Utaratibu ulisema maji yapande sentimita 30 tu kwa siku, ili tuta lizoee mzigo taratibu na watu wapate nafasi ya kuliangalia. Masika ya 1976 theluji iliyeyuka kwa wingi, na mlango mkuu wa kutolea maji ulikuwa haujakamilika. Ulikuwepo mmoja mdogo tu. Basi maji yakapanda yanavyotaka yenyewe. Ilifika siku yalipopanda zaidi ya mita 1 kwa siku moja. Tena ndani ya tuta hapakuwekwa vipimo vya kuonyesha shinikizo la maji limefika wapi. Unajaza usichoweza kukipunguza, na huoni kinachoendelea ndani.

Tarehe 3 Juni zikaonekana chemchemi ndogo chini ya bwawa, maji masafi. Kesho yake, moja nyingine karibu zaidi. Jumamosi tarehe 5 Juni, asubuhi, maji yakatoka kwenye ukingo wa kulia yakiwa na tope. Mafundi, sikilizeni hapa. Maji masafi yanayotoka chini ya tuta ni jambo la kuandika kwenye daftari na kupima kila siku. Maji yenye tope ni jambo la kupiga simu hapo hapo, maana tope lile ni bwawa lenyewe linatoka.

Kufikia saa nne na nusu doa bichi lilikuwa limejitokeza usoni mwa tuta, likawa shimo. Wakapeleka matingatinga mawili yasukume kifusi ndani. Ilipofika kama saa tano na nusu, shimo likayameza yote mawili, madereva waliokolewa. Upande wa juu, ndani ya bwawa, maji yalikuwa yanazunguka kama yanavutwa kwenda chini. Saa sita kasoro dakika tano hivi, kilele cha tuta kikaanguka. Bwawa lilikuwa na maji zaidi ya mita za ujazo milioni 300, na jioni hiyo hiyo lilikuwa karibu tupu. Kijiji cha Wilford kilifutika, Sugar City na Rexburg zikazama. Walikufa watu 11, pamoja na mifugo maelfu kwa maelfu.

Watu 11 ni wachache kwa maji kiasi kile. Masherifu, yaani wakuu wa polisi wa wilaya, walipigiwa simu zaidi ya saa moja kabla, wakawahamisha watu. Ingekuwa usiku, tungekuwa tunazungumzia idadi nyingine kabisa. Serikali ililipa fidia zaidi ya dola milioni 300.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi wangu: maji hayakufika kwenye utoro, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi bwawani. Yalikuwa karibu mita 1 chini ya kizingiti chake. Kwa hiyo msiseme bwawa lilizidiwa. Jopo huru la wataalamu, lililoongozwa na Wallace Chadwick na kutoa ripoti mwaka huo huo, liliona kwamba udongo ndani ya ule mtaro wa upande wa kulia uliliwa. Mtaro ulikuwa mwembamba wenye kuta zilizosimama, kwa hiyo udongo wa juu uliegemea kuta badala ya kuubana ule wa chini. Wa chini ukabaki umelegea, shinikizo la maji likaupasua, na nyufa za mwamba zikawa mlango wa kutokea.

Na ile methali ya usipoziba ufa, kwenye tuta linalovuja naomba muiache nyumbani. Ukishindilia mfinyanzi pale maji yanapotokea, yatatafuta pengine, tena kwa shinikizo kubwa zaidi. Mwaga mchanga kwanza, kisha kokoto, kisha mawe. Acha maji yatoke, zuia udongo. Wakati huo huo fungua geti upunguze maji bwawani, na watu wa chini waanze kuondoka. Usisubiri kibali kutoka mkoani.

Utoro nao una habari zake. Derna, Libya, mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yaliyojengwa kuzuia mafuriko na kumwagilia yalivunjika usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, kimbunga Daniel kilipoleta maji mengi kuliko yalivyoweza kupitisha. Walikufa maelfu. Na hapa jirani, Solai kule Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shambani lilipasuka likaua watu zaidi ya 40. Mamlaka za Kenya zilisema halikuwa na kibali. Lile halikuwa bwawa la kutisha kwa ukubwa. Kinachoua ni nani amelala chini yake.

Sasa malambo yetu. Miti juu ya tuta, hapana. Hata ule mwembe wa kivuli cha mlinzi. Mti ukifa mzizi unaoza, na mzizi uliooza ni bomba. Mashimo ya panya na nyoka yafukuliwe na kushindiliwa upya. Ng'ombe wapewe birika upande wa chini, wasipande tuta. Majani mafupi yanatosha, fyekeni ili muweze kuona unyevu.

Na viongozi wa skimu, siku ya makabidhiano mtaletewa karatasi ya kusaini, na kutakuwa na mgeni rasmi, ngoma na soda. Kabla ya kalamu, mwambieni mkandarasi afungue geti la kutolea maji mbele yenu, alifunge, alifungue tena. Likigoma, msisaini, na maji yasianze kujazwa. Mtaonekana wakorofi. Mkaonekane.

Haya, maswali. Naona mkono wa mzee pale nyuma uko juu tangu nilipougusa mwembe wa mlinzi. Karibu, mzee.